Nimekonda, Mama Asijue

Mpendwa mshauri Mama Eunike, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu zangu tu, naomba unisaidie haraka maana jambo lenyewe ukilisikia utacheka lakini mimi mwenzako silali, na tafadhali sana jina langu usiliandike kwa sababu gazeti lako mafundi wa hapa kwangu wanalisoma kwanza ndipo tunalifungia vipuri.

Mimi ni mwanaume wa makamo, Mmeru, nimeoa, mke wangu anaitwa Ndeshi na binti yetu wa kwanza ni Brightness, tunaishi Kimandolu na nina duka la spea za magari kule Sakina, barabara ya Nairobi, na tangu nianze kujitegemea nimekuwa mtu mwenye mwili, tena mwili wa kueleweka, tumbo langu lilikuwa linaingia dukani kabla yangu, watu waliniita Bonge nami niliitika bila kinyongo, kwenye vikao vya harusi nilipewa uenyekiti kabla sijaketi, kiti cha mbele kwenye gari kilikuwa changu hata kama gari si langu, na nikueleze ukweli, nililipenda lile tumbo, maana nilikulia kwenye nyumba ambayo yai moja lilikuwa na wenyewe wengi, kwa hiyo kila nilipofunga mkanda nilijiona nimetoka mbali.

Sasa mwaka jana nikaanza kusikia kiu isiyoisha na kuchoka bila kazi, Ndeshi akanisukuma hospitali, daktari akasema sukari imeanza kupanda na presha imeshatangulia, nipunguze mwili au nijiandae kwa mengine, na alivyosema hayo mengine hakufafanua, ndiyo maana niliogopa zaidi. Nikaacha bia, nikaacha soda, nikaacha chipsi mayai za jioni ambazo kwa kweli nilizililia kidogo, ubwabwa nikaupima kwa kikombe, nikaanza kutembea kwa miguu kila alfajiri kabla ya kwenda kufungua duka, mwanzoni mbwa wa mtaani walinifukuza kwa kuwa hawajawahi kuona mtu wa umbo lile anakwenda kasi, baadaye wakanizoea, na mshauri, nimepungua! Sukari imeshuka, presha imetulia, napanda ngazi bila kushika ukuta, na viatu nafunga kamba mwenyewe, kazi ambayo Ndeshi alikuwa ananifanyia na tulikubaliana asijue mtu.

Nilidhani watu watafurahi pamoja nami. Mafundi wakaanza, "Bosi, mbona umeisha hivyo, au biashara imegoma?" Mteja wangu wa miaka yote akanivuta pembeni ya duka akaninong'oneza kuwa kuna mahali wanaombea watu na hawatangazi majina. Kwenye jumuiya jina langu likatajwa kati ya wagonjwa wa kuombewa na mimi mwenyewe nimekaa palepale na kitabu cha nyimbo mkononi, nikaitikia amina pamoja nao. Kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa jirani uenyekiti akapewa bwana mmoja mwenye tumbo changa kabisa, nikaambiwa, "Wewe kaka pumzika kwanza." Wanawake sokoni wanamuuliza Ndeshi anampa nini mumewe, na wengine wanamuuliza kama ana hakika mumewe hana kimwana nje maana wanaume wakianza kukonda uzeeni kuna anayewakondesha. Aliyenipa hongera ni daktari peke yake, naye alikuwa anaangalia karatasi, hakuwa ananiangalia mimi.

Hayo yote nayavumilia, mtu mzima hafi kwa maneno ya Sakina. Kinachonikosesha usingizi ni mama.

Mama yangu anaishi huko juu kwetu Meru, kwenye migomba na kahawa ya marehemu baba, yeye na ndama wake na mbwa wake anayeitwa Popi, na ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona kivuli tu, mlango anaujua kwa mwanga, kwa hiyo watoto wake anatuona kwa mikono. Nikifika nikishamwamkia ananishika mkono hapa juu karibu na bega, anabonyeza, anashuka ubavuni, kisha ananipigapiga tumbo kama mtu anayechagua tikiti sokoni, halafu anasema neno moja la Kimeru ambalo kwa Kiswahili ningesema ni "yupo", ndipo anakaa na moyo wake unatulia.

Na ana sababu, kwa sababu kaka yangu mkubwa Abdiel aliugua kifua, akakonda mbele ya macho yake wakati bado yanaona, mama alikuwa anamlisha mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama, kwa kijiko na mtori unarudi, na Abdiel kwa kuona aibu ya mifupa yake alikuwa anavaa koti kubwa la baba hata jua likiwaka, mpaka tukamzika. Tangu hapo kwa mama kukonda na kufa ni kitu kimoja, hata ndama akipungua anaanza kumwita mchungaji.

Basi mwezi wa sita nilipokuwa naenda kumsalimia nikasimama mbele ya kioo nikajiona, nikaogopa, na kwa kuwa baridi ilikuwa kali nikapata wazo, nikavaa sweta la Ndeshi lenye maua ndani kabisa kwa sababu linabana, juu yake sweta langu la zamani, juu yake lingine, halafu koti. Mama akabonyeza begani, akabonyeza ubavuni, tumboni nilikuwa nimekunja shuka dogo, akapigapiga, akasema, "Yupo." Mshauri, nilitaka kulia kwa furaha, nikajiona nimemfanyia jambo jema kuliko hata kumjengea tangi la maji, nikaendelea hivyo kipindi chote cha baridi, ingawa Ndeshi aliniambia, "Baba Brightness, siku jasho litakapokuumbua mimi simo, na sweta langu nalitaka."

Sasa baridi imeisha. Safari ya mwisho jua lilikuwa linachoma, nimekaa jikoni kwa mama karibu na moto na chungu cha mtori kinachemka, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi, mama akanyoosha mkono akanigusa paji la uso, akasema, "Mwanangu, mbona unatoka jasho hivi? Na koti la nini?"

Nikababaika, nikasema, "Mama, nina kikohozi kidogo, naogopa upepo," kisha nikakohoa mara kadhaa ili iwe kweli.

Mama akanipakulia bakuli la mtori la kulisha kwaya nzima, nami nisingeweza kulimaliza na sitaki kumwambia sili sana siku hizi, nikaliteremsha taratibu chini ya benchi kwa Popi, ambaye siku hizi amenenepa kiasi kwamba anabweka akiwa amelala. Wakati wa kuondoka mama akanishika mkono palepale begani, akabonyeza, akakaa hivyo, na lile neno lake hakulisema, alisema tu, "Nenda salama, baba."

Hapo ndipo penyewe, mshauri. Mdogo wangu Nice, anayefanya kazi Mwanza, ameshapanga na hospitali mama atolewe huo mtoto wa jicho, na mimi ndiye niliyetakiwa kumpeleka. Mara ya kwanza nikasema gari limeharibika, na mimi muuza spea. Mara ya pili nikasema daktari amesafiri, na daktari wa watu yupo. Kwa sababu nikifikiria mama anafunguliwa bandeji na cha kwanza kukiona ni huu mwili, naona kabisa namuua kwa mshtuko. Halafu wiki iliyofuata mama mwenyewe akapiga kwa simu ya jirani, akasema, "Mwambie Nice aachane na habari za macho yangu. Niliyoyaona yanatosha." Naona aibu kukuandikia kwamba nilishusha pumzi, nikasema Mungu amenisaidia, kumbe mama anaogopa kisu. Lakini Nice hataki kusikia, anasema daktari amemweleza tukizidi kuchelewa kazi itakuwa ngumu na huenda asione tena vizuri, amenikasirikia sana, na mwisho wa mwezi anakuja mwenyewe kumchukua mama.

Sasa naomba unishauri, je, kuna njia ya kunenepa kidogo kwa muda, hata usoni tu, bila sukari kupanda, ili mama akifunguliwa anione kama zamani halafu nipungue polepole mbele yake azoee? Au nimsihi Nice angoje baridi ijayo? Mama nampenda, na huu mwili mpya nao nimeanza kuupenda, sijui nimfiche yupi.

Ni mimi mwenye joto, Kimandolu.

MAMA EUNIKE ANAJIBU

Marahaba. Nimekuzidi, na usiulize kwa miaka mingapi.

Jina lako sijaliandika kama ulivyoomba. Umelificha vizuri mno, umetaja tu mkeo, binti yako, mtaa wako, biashara yako na barabara ilipo. Nadhani hivi sasa mafundi wako wamekaa juu ya injini wanabishana kama ni wewe au ni mwingine, na anayebisha ni yule uliyemkata mshahara.

Kabla sijakugombeza, na nitakugombeza, pokea kwanza kitu ambacho unadaiwa na mji mzima. Hongera. Hongera sana, mdogo wangu. Kuacha chipsi mayai ukiwa mtu wa Arusha, na harufu yake inakufuata mpaka mlangoni kwako kila jioni, si mchezo. Mimi mwenyewe nimekuwa nikijaribu kupungua tangu mtoto wangu wa mwisho yuko chekechea, leo anaota ndevu, na kilichopungua kwangu ni subira tu. Kwa hiyo nakuonea wivu, na wivu wangu uuhesabu kuwa ni pongezi.

Sisi watu wa huku ndivyo tulivyo. Mtu akinenepa tunamwambia maisha yamemkubali, akikonda tunampa pole na kumtafutia mchungaji. Tumezika wengi waliokonda, basi macho yetu yamejifunza vibaya. Usiwachukie. Lakini na wewe, kukaa kwenye jumuiya ukasikia unaombewa ugonjwa usio nao ukaitikia amina! Ungesimama tu ukasema, "Wapendwa, mimi si mgonjwa, nilikuwa nakaribia kuugua, nimepunguza mwili kwa agizo la daktari, sasa ombeni nisirudie chipsi." Wangecheka, na baada ya sala wawili watatu wangekufuata nje kimyakimya kukuuliza ulipimia wapi. Nakuhakikishia yule mwenyekiti mpya wa harusi angekuwa wa kwanza. Uenyekiti wenyewe mwachie, una kazi ya kupigiwa simu na watu wasiotoa michango.

Swali lako la kunenepa uso peke yake nimelisoma mara mbili, nikamsomea na mume wangu, naye hadi sasa anacheka. Jibu ni hapana. Ulichokula hakiulizi unataka kikae wapi. Na kumwambia Nice angoje baridi ijayo ni hapana kubwa zaidi, nitakueleza kwa nini, na hapa sasa uweke chini kikombe chako cha chai isiyo na sukari unisikilize.

Unasema mama yako ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Umekosea hesabu. Ana watoto wa jicho watatu, na wa tatu ni wewe, kwa maana hao wawili daktari yuko tayari kuwaondoa, ila huyu wa tatu ameng'ang'ania na masweta yake. Umemwacha mama gizani kusudi wewe usionekane umekonda. Nimeliandika wazi hivyo kwa sababu katika barua yako ndefu, yenye Popi na soksi na sweta la maua, hilo ndilo jambo ambalo hukulisema hata mara moja.

Najua hukukusudia ubaya. Ulifanya kwa upendo, tena upendo wa kutoa jasho. Lakini nipe nafasi nikusimulie hadithi yako mwenyewe kama anavyoisikia aliyekaa upande wa pili wa jiko.

Mama huyu aliwahi kuwa na mwanaye wa kwanza aliyekuwa anavaa koti juani. Umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, kisha ukaruka mstari ukaendelea na habari za kioo. Sasa anakuja mwanaye wa pili, jua linachoma, amevaa koti. Anamgusa paji la uso, limelowa. Anamuuliza, na wewe, kati ya visingizio vyote ambavyo Mungu amewagawia waongo wa dunia hii, mafua, jino, kuumwa na nyuki, ukachagua kikohozi! Kwa mama aliyezika mtoto kwa kifua! Tena ukaongezea na kukohoa! Kisha anakupa mtori, mtori uleule, nao hauliwi. Usidhani hakujua. Asiyeona anasikia, na hakuna sauti inayojulikana jikoni kama ya mbwa anayelamba bakuli.

Na ule mkono wake, unadhani unadanganyika? Huyo mwanamke amechambua kahawa kwa vidole vyake maisha yake yote, anaijua punje mbovu bila kuitazama, atashindwa kutofautisha nyama ya mwanaye na sufu? Mwezi wa sita huenda alidanganyika, au alitaka kudanganyika, maana mama naye ana haki ya kujipumzisha. Safari ya mwisho alijua. Ndiyo sababu neno lake hakulisema.

Sasa rudi kwenye simu aliyopiga. "Niliyoyaona yanatosha." Wewe ulisikia bibi anayeogopa kisu ukashusha pumzi. Mimi, mdogo wangu, niliposoma hapo nilisimama nikaenda kujimwagia maji usoni. Huyo mama haogopi kisu hata kidogo. Anaamini unakufa, na ameamua kubaki kipofu ili asikuone ukienda kama alivyomwona Abdiel. Amekubali kukosa kuona migomba yake, na ndama wake, na uso wa mjukuu wake Brightness, asije akauona uso wako umeisha. Wewe ulimficha yeye, naye akakufichia hofu yake ili usijue kwamba amejua. Mmerithiana, na mnapendana kijinga, wote wawili.

Na yote haya juu ya mtu mzima kabisa, ambaye sukari yake imeshuka! Ndiyo maana nashindwa nikucheke au nikuchape.

Basi fanya hivi, na usinijibu kwamba utafikiria. Usimngoje Nice. Jumamosi hii panda kwa mama pamoja na Ndeshi, kwa maana Ndeshi ndiye shahidi, na mwanamke aliyekufungia kamba za viatu kwa miaka yote hiyo bila kusema nje anaaminika. Sweta lake lifue kwanza umrudishie. Vaa shati moja, la mikono mifupi. Hata mawingu yakishuka, hata Meru yote ikijifunika ukungu, shati moja.

Ukishamwamkia, usingoje akushike. Mwambie kwa mdomo kwanza, maana mkono ukitangulia utamwambia habari mbaya kabla hujafungua kinywa. Sema, "Mama, nimekonda. Nimekonda kwa kukusudia, daktari aliniagiza kwa sababu ya sukari, na sasa ni mzima. Kikohozi nilikudanganya, na masweta nilikudanganya." Halafu mpe mkono wako mtupu.

Atabonyeza. Atakutana na mfupa. Hapo tafadhali usilete utani wa Sakina, mwache abonyeze tena. Kisha geuka umpe mgongo, umwombe aweke sikio asikilize kifua chako, vuta pumzi ndefu mara nyingi kadiri anavyotaka. Mama aliyeuguza kifua anaijua sauti yake kuliko kipimo cha hospitali yoyote, naye hataisikia kwako. Kisha chukua panga ukamkatie ndama majani kule juu shambani, uteremke nayo kichwani, na wakati unapanda na kushuka uwe unaongea naye kwa sauti, hata ukimsimulia bei ya klachi, mradi asikie kwamba mwanaye anapanda mlima na hahemi. Zamani ungefika kwenye mgomba wa pili ukaomba kiti.

Mtori atapika, hilo halina dawa. Chukua kibakuli kidogo, ule mpaka mwisho mbele yake, useme, "Mama, nimeshiba." Ataudhika. Mwache audhike, hilo ni jambo la kawaida kwa mama yeyote wa Kimeru ambaye mwanaye amekataa kuongezwa, na mtakuwa mmerudi kwenye maudhi ya kawaida. Popi naye mpumzishe, kabla hujaniandikia barua nyingine kuhusu sukari yake.

Huenda bado asikuamini. Mtu aliyezika haamini kwa siku moja, tena wewe umeshamdanganya tangu baridi. Akisema, "Unanidanganya tena," usiape. Mwambie, "Basi mama, twende ukafunguliwe macho, uniangalie mwenyewe." Hakuna maneno mengine yatakayomtoa jikoni kwake. Umekuwa ukimzuia kwa sababu ya huu mwili, sasa huu mwili ndio umpeleke. Na jioni hiyohiyo mpigie Nice, umwambie kwamba daktari hajawahi kusafiri na gari halijawahi kuharibika. Atakutukana. Sikiliza hadi amalize, kisha umuulize anafika lini, mwende wote.

Siku ya kufunguliwa bandeji usikae nyuma ya Nice, wala usijifanye umetoka kidogo kununua maji. Kaa mbele yake, karibu, na shati lako moja. Ataona ulivyokonda, ataona na mvi ambazo hakuna aliyemwambia kuwa umeota. Akilia, mwache alie. Atakuwa analia huku anakuona.